Kisigino cha asubuhi na mashine ya mawimbi: uliza kabla ya kulipa

Saa kumi na moja alfajiri, kabla lango la mpaka halijachangamka, mama anashuka kitandani katika chumba cha kupanga, iwe Busia, Namanga au Rubavu. Anakanyaga sakafu, na papo hapo anashika ukuta. Kisigino kinachoma kana kwamba amekanyaga msumari. Anakwenda kwa ncha za vidole hadi bafuni, anachechemea hadi jikoni, na akimaliza chai maumivu yamepungua. Anajiambia yamekwisha. Anabeba mzigo, anavuka, anasimama kwenye foleni, anasimama sokoni, anarudi. Jioni akikaa nusu saa kuhesabu fedha, kisha akainuka, msumari ule ule unamngoja.

Akiuliza wenzake atapata majibu matatu. Wa kwanza atasema ni baridi yabisi. Wa pili atasema ni mwiba wa mfupa, kapigwe eksirei ukapasuliwe. Wa tatu, ambaye siku hizi ndiye mwenye kusikilizwa zaidi, atasema kuna mashine mjini inayopiga mawimbi kwenye kisigino, unakwenda mara tatu tu na unapona.

Makala haya yanahusu jibu la tatu. Mashine hiyo ipo kweli, si uganga. Inatumika katika kliniki binafsi za fiziotherapia na za mifupa kwenye miji mikubwa ya kanda yetu. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo fedha ya kuilipia haitoki benki. Inatoka kwenye mtaji, ule ule wa kununulia vitenge, dagaa au mayai ya wiki ijayo. Kwa hiyo inafaa ajue anachonunua.

Tuanze na kisigino chenyewe. Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu, mfano wa mkanda wa ngozi, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye mashina ya vidole. Kazi yake ni kushikilia upinde wa mguu usilale. Kila hatua unayopiga huuvuta, na ukibeba gunia unavutwa zaidi. Sehemu inayochoka mapema ni pale unaposhikana na mfupa, kwa ndani ya kisigino. Madaktari huuita ugonjwa huo fasaitisi ya unyayo. Usiku mguu unapopumzika ukanda hujikunja, na hatua ya kwanza ya asubuhi huukunjua kwa ghafla. Ndiyo maana maumivu ya asubuhi, au ya kuinuka baada ya kukaa, ni alama yake kubwa kuliko alama nyingine yoyote.

Inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 10 hupatwa na maumivu haya wakati fulani maishani. Walio hatarini zaidi ni wenye uzito mkubwa, wenye mashavu ya miguu yaliyokaza, na wanaosimama kutwa kazini juu ya ardhi ngumu. Soma orodha hiyo tena halafu uangalie foleni yoyote ya mpakani. Pale Goma ardhi yenyewe ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, yaliyomwagika hadi mjini mwaka 2002 na kupoa yakiwa na makali. Wengi wanayakanyaga kwa kandambili zilizolika kisigino hadi unaweza kuona mwanga upande wa pili.

Na ule mwiba wa mfupa? Upo kwenye eksirei za watu wengi, wakiwemo wengi ambao kisigino hakijawahi kuwauma. Kuonekana kwake kwenye picha hakuthibitishi kwamba ndio unaokuumiza, na kuuondoa si tiba ya kwanza wala ya pili. Mtu akikuonyesha picha ya mwiba na hapo hapo akakutajia bei ya upasuaji, chukua picha yako uende kwa daktari mwingine.

Sasa mashine. Jina lake kwa Kiswahili chepesi ni tiba ya mawimbi ya mshtuko, na neno hilo mshtuko limewaogopesha wengi wakidhani ni shoti ya umeme. Sivyo. Mawimbi haya ni ya mgandamizo, ndugu wa sauti, ila ni makali na ya ghafla. Umeme unaendesha mashine, haupiti mwilini mwako.

Asili yake haikuwa mguu kabisa. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, Ujerumani, walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege ziendazo kwa kasi kubwa. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa wazo la kuvunja mawe ya figo bila kisu, na Februari 1980 mgonjwa wa kwanza akatibiwa hivyo mjini Munich. Miaka ikapita, madaktari wa mifupa wakaichukua kwa kano na visigino, na mwaka 2000 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikaidhinisha mashine ya kwanza kwa ajili ya maumivu sugu ya kisigino. Lakini kisiginoni mawimbi hayavunji kitu. Hayasagi mwiba wa mfupa, hata kama muuzaji atakwambia hivyo. Inadhaniwa kwamba huamsha upya ukarabati wa nyama iliyochoka, huongeza mishipa midogo ya damu na kutuliza neva za maumivu. Namna hasa yanavyofanya kazi bado inabishaniwa na wanasayansi.

Mashine hizi ni za aina mbili, na tofauti yake inakuhusu wewe unayelipa. Moja hutumia hewa iliyoshindiliwa, kama kompresa ya fundi wa pancha. Hewa hiyo husukuma kipande kidogo cha chuma ndani ya mkono wa kifaa, kikagonga kichwa chake, nacho kikagonga ngozi. Nguvu huwa kubwa juu ya ngozi na hupungua kadiri inavyozama. Aina ya pili hukusanya mawimbi kwenye nukta moja ndani ya mwili, kama lenzi inavyokusanya jua, na inaweza kufika chini zaidi. Ya kwanza ni rahisi kununua na kutunza, ya pili ni ghali. Zote mbili hutumika kwa kisigino. Muhimu ni kuuliza unapigwa na ipi, usije ukatozwa bei ya moja ukapewa nyingine.

Kikao chenyewe hakichukui muda mrefu. Unalala kifudifudi, unapakwa jeli, mtaalamu anatafuta kwa kidole mahali panapouma hasa, kisha kifaa kinagonga. Mapigo kama 2,000 kwa kikao ni jambo la kawaida, na yote humalizika ndani ya dakika chache. Inauma. Mtaalamu mzuri huanza na nguvu ndogo akapanda kadiri unavyostahimili, akikuuliza njiani. Ganzi ya sindano si msaada hapa, kwani tafiti zimeonyesha kuwa ikichomwa mahali hapo matokeo huwa hafifu. Kwa kawaida ni vikao 3 hadi 5, kimoja kwa wiki. Baada ya kikao mahali hapo huweza kuwa pekundu, kuvimba kidogo au kuvilia damu kwa siku moja mbili, na ni busara kutobeba mzigo mzito katika siku hizo. Nafuu haiji jioni ile ile. Hupimwa baada ya wiki 12. Anayekuahidi kwamba utatoka unaruka anakuuzia maneno.

Je, inafaa? Hapa kuna mambo mawili, na kliniki nyingi hutangaza moja tu.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 245 ambao visigino vyao vilikuwa vimeuma kwa zaidi ya miezi 6 na tiba nyingine zimeshindwa. Nusu walipigwa mawimbi ya kweli, nusu wakawekewa kifaa cha bandia bila wao kujua. Baada ya wiki 12, asilimia 61 ya waliopata mawimbi ya kweli walihesabiwa kuwa wamefanikiwa. Kwa waliopata ya bandia, walikuwa asilimia 42. Fanya hesabu ya sokoni: kati ya watu 100 wanaolipa, 61 wanapata nafuu nzuri, lakini 42 wangeipata hata kwa kifaa kisichofanya kitu. Faida halisi ya mashine ni watu kama 19 katika 100. Si haba kwa mtu aliyeteseka mwaka mzima. Lakini si ule uhakika unaosikia kwenye matangazo.

Na si tafiti zote zilizokubaliana. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walifuatilia wagonjwa 166, wakalinganisha mawimbi kamili na mawimbi hafifu sana. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti kati yao. Taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo huzishauri hospitali za umma za nchi hiyo, ilitoa mwongozo mwaka 2009 ikisema tiba hii haina hatari kubwa, ila ushahidi wa manufaa yake haulingani.

Utafiti ambao ningependa kila mfanyabiashara aujue ni wa mwaka 2010. Watafiti walichukua watu 102 ambao maumivu yao yalikuwa mapya, hayajafika wiki 6. Baadhi walipigwa mawimbi mara 3. Wengine walifundishwa zoezi moja la kunyoosha ukanda wa unyayo, walifanye nyumbani mara 3 kwa siku kwa wiki 8. Baada ya miezi 2 walioridhika kwenye kundi la mashine walikuwa asilimia 29. Kwenye kundi la zoezi walikuwa asilimia 65. Kwa maumivu mapya, zoezi la bure liliishinda mashine kwa zaidi ya mara mbili. Baada ya miezi 15 makundi hayo yalikuwa yamekaribiana, kwa sababu visigino vingi hupoa vyenyewe ndani ya mwaka.

Zoezi lenyewe ni hili. Kabla hujakanyaga chini asubuhi, kaa ukingoni mwa kitanda. Mguu unaouma uweke juu ya goti la mwenzake. Shika vidole kwa mkono, vivute kuelekea muundi mpaka uhisi unyayo umekaza kama uzi wa gitaa. Kwa mkono mwingine gusa unyayo uhakikishe umekaza. Hesabu hadi 10, achia. Fanya mara 10. Rudia mchana na jioni, na kila unapotaka kuinuka baada ya kukaa kirefu. Kwenye foleni ya forodha au ndani ya basi linalongoja kugongewa mihuri kuna muda wa kutosha, ukiweza kuvumilia macho ya jirani.

Wenye maumivu yasiyo makali sana wanaweza kuongeza la pili, ambalo watafiti wa Denmark walilipima mwaka 2014. Kunja kanga au taulo liwe kama rola, liweke kwenye ngazi, simama juu yake kwa mguu mmoja vidole vikiwa vimeinuliwa na rola na kisigino kikining'inia. Panda kwa kuhesabu 3, tua juu kwa 2, shuka kwa 3. Fanya mara 12, pumzika, kisha rudia mizunguko mingine miwili, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukizoea, vaa begi mgongoni lenye uzito. Baada ya miezi 3 waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu.

Nyuma ya kisigino kuna habari nyingine. Kano nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino nayo huchoka, hasa kwa wanaopanda vilima wakiwa na mizigo au wanaosukuma mikokoteni. Hapo tiba mama ni mazoezi ya kushusha kisigino polepole kwenye ngazi. Daktari Håkan Alfredson wa Sweden ndiye aliyeyapa umaarufu. Inasimuliwa kwamba kano yake ilimuuma, akaomba apasuliwe, mkuu wake akakataa. Kwa hasira akaanza kuitesa kwa mazoezi mazito ili ikatike wakubali kumpasua. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya mazoezi hayo mara 2 kwa siku kwa wiki 12, na wote walirudi kukimbia. Kwa kano hii mashine hufanya vizuri zaidi ikisindikizwa na zoezi. Katika utafiti wa mwaka 2009 wa watu 68, waliofanya zoezi pekee walipata nafuu kubwa kwa asilimia 56, na waliochanganya zoezi na mawimbi kwa asilimia 82. Kliniki inayokupiga mawimbi bila kukufundisha zoezi imekupa nusu ya ulicholipia.

Kuhusu kano hiyo kuna jambo la duka la dawa. Vidonge vya siprofloksasini, ambavyo wengi wetu tunavinunua wenyewe kwa tumbo la kuendesha au tukihisi taifodi, vinaweza kudhoofisha kano hadi ikakatika. Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye dawa za jamii hiyo mwaka 2008. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Ukianza kuumwa nyuma ya kisigino ukiwa kwenye dozi hiyo, acha mzigo na umwone daktari haraka akubadilishie dawa. Ukisikia mlio na kuhisi kama umepigwa teke kwa nyuma, kisha ukashindwa kusimama kwa ncha ya vidole, kano imekatika. Hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wasiopaswa kupigwa mawimbi kabisa. Mjamzito. Mwenye tatizo la kuganda damu au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Mwenye kidonda, usaha au uvimbe wa saratani mahali hapo. Mtoto ambaye mifupa bado inakua. Aliyechomwa sindano ya steroidi kisiginoni karibuni naye aseme, maana anapaswa kusubiri wiki kadhaa. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi apimwe kwanza na daktari, kwa kuwa mguu usiohisi hauwezi kumwambia mtaalamu apunguze nguvu.

Kuna pia maumivu yanayojifanya ndugu wa kisigino na siyo. Ukishuka kwenye basi la safari ndefu, tuseme kutoka Kampala hadi Nairobi, na shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usikubali kuchuliwa wala mashine yoyote, nenda hospitali. Ukiumwa juu ya mfupa wa muundi mahali pamoja panapofunikwa na kidole, na kila siku panazidi, huenda mfupa umepata ufa. Visigino vyote viwili vikiuma pamoja na mgongo unaokaza asubuhi kwa muda mrefu, hasa kwa kijana, hiyo nayo ni ya daktari kabla ya fiziotherapia.

Tuseme umeshanyoosha kwa miezi, umebadili viatu, umepunguza mzigo, na bado unashika ukuta kila asubuhi. Zaidi ya miezi 6 ikipita hivyo, mashine inastahili kufikiriwa. Muulize mtaalamu leseni yake, na usione haya, kama vile wewe usivyoona haya ukiombwa cheti cha asili ya bidhaa. Kenya ina baraza la wataalamu wa fiziotherapia, Uganda na Rwanda zina mabaraza ya wataalamu wa afya shirikishi, na mwenye leseni huionyesha bila kununa. Uliza bei ya vikao vyote, si cha kwanza tu, na kama kuna malipo ya kumwona daktari juu yake. Uliza utarudishwa kupimwa lini. Lipa kikao kwa kikao ukiweza. Anayekulazimisha kulipia 10 mapema hana sababu ya kitabibu ya kufanya hivyo.

Halafu piga hesabu ya njia. Vikao vitatu vya kila wiki katika mji usiopitia ni nauli tatu na siku tatu za soko. Kliniki iliyo kwenye mji unaokwenda kuchukua mali kila wiki inaweza kuwa nafuu kuliko ile yenye bei ndogo upande wa pili wa mpaka. Ukibadilisha kliniki katikati, omba maandishi yanayoonyesha aina ya mashine, nguvu iliyotumika na idadi ya mapigo. Bila karatasi hiyo mtaalamu wa pili ataanza upya, na utalipa upya.

Viatu havina ushindani wa tafiti nyingi, lakini sijaona kisigino kilichopona ndani ya kandambili bapa. Raba ya mtumba yenye kisigino kilichoinuka kidogo na soli isiyojikunja katikati inatosha, ilimradi haijalika upande mmoja. Ibonye kisigino kwa kidole gumba kabla hujaanza kupatana bei. Na iwekwe karibu na kitanda, maana sakafu ya saruji saa kumi na moja alfajiri ndiyo inayouma kuliko barabara yote ya kwenda sokoni.